Chombo Kinapoukata Wimbo

Ujumbe uliingia saa nne usiku nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. "Shikamoo mjomba. Samahani kwa usumbufu. Kahawa tumeshauza, nimebaki na hela kidogo. Nataka niachane na hii programu ya bure ya kurekodia, ninunue ya maana. Unashauri ninunue sasa au nisubiri? Bibi nitamrekodi nikishapata hiyo mpya."

Nikajibu "marahaba, tutaongea kesho", nikarudi kwenye madaftari, lakini kalamu ikagoma. Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Kilichonikera ni ile sentensi ya mwisho, aliyoichomeka kama mtu anayetaja hali ya hewa. Bibi anayemsema ni mama yangu. Ameng'oka meno ya mbele, na kila mwaka sauti yake inashuka kidogo kama maji ya kisima wakati wa kiangazi.

Kwa wasiopajua, Mabira ninayoisema siyo ule msitu wa Uganda ulio kwenye barabara ya Jinja. Ni kata mkoani Kagera, kaskazini-magharibi kabisa mwa Tanzania, kwa Wanyambo. Zamani tulikuwa Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012 tukajikuta Kyerwa bila kuhama nyumba. Ni nchi ya migomba na kahawa, na mvua yake ikipiga bati hamsikilizani hata mkikaa kiti kimoja. Mpwa wangu ana chumba kimoja nyuma ya nyumba, kompyuta ya mtumba, hedifoni, na kipaza sauti alichokifunga kwenye mpini wa ufagio. Humo anarekodi kwaya, nyimbo za arusi, na vijana wanaotaka kuwa akina Diamond.

Mimi si fundi mitambo. Nafundisha historia na nasoma fasihi, basi. Kwa hiyo nilimjibu kwa kile ninachokijua, na jibu likawa refu kuliko linavyoweza kusemwa kwenye simu. Hili hapa, nimelipanga upya.

*

Tuanze hapo hapo nyumbani. Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika wakitafuta chanzo cha mto Nile. Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant, mguu wake umeharibika kwa kidonda, akabaki Karagwe miezi kadhaa, mpaka Aprili 1862. Wote wawili waliandika vitabu, na humo wameitaja miziki waliyoisikia, nanga ikiwemo. Nanga, kwa asiyeijua, ni kibao kilichochongwa kikawa na tumbo kama chano kirefu. Juu yake unapitishwa uzi mmoja kwenda na kurudi mpaka zinapatikana nyuzi saba au nane. Mwimbaji anaikung'uta huku anasimulia habari za mashujaa, wafalme, mapenzi na misiba.

Chombo chao cha kurekodia kilikuwa kalamu. Hicho ndicho chombo cha daraja la chini kuliko vyote: kinaweza kukwambia kwamba nanga ililia, hakiwezi kukuliza nayo. Fonografu ya Thomas Edison ilikuja mwaka 1877, yaani miaka 16 baadaye. Kila nikisoma kurasa zile najikuta nawalaumu wazee wale kwa kuwa na masikio na kukosa mashine. Lakini hebu fikiria wangesema, "Tusubiri kifaa bora." Tusingekuwa hata na yale maneno machache.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililomwambia mpwa wangu. Chombo duni kilichofanya kazi kimetuachia kitu. Chombo bora kilichosubiriwa hakikutuachia chochote kutoka siku zile za Rumanyika.

*

Jambo la pili linatoka pwani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba, alivuka bahari na wenzake kutoka Zanzibar hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Mpenzi wa fasihi ya Kiswahili anamfahamu Siti kupitia wasifu aliomwandikia Shaaban Robert. Kwa wengi Afrika Mashariki, zile santuri zilikuwa mara ya kwanza kusikia Kiswahili kikitoka kwenye mashine.

Sasa angalia chombo chenyewe. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi. Ukitaka zaidi, unageuza upande wa pili. Taarabu ya barazani, inayoweza kurudia ubeti mpaka watu watosheke, watunze na kushangilia, ilibidi ijibane ndani ya dakika hizo. Sauti ilipatikana. Kilichokatwa ni muda.

Kwa shairi fupi la mapenzi, dakika tatu zinatosha. Kwa mpiga nanga wa Kagera, dakika tatu ni kukohoa na kusalimia wenyeji. Hajaanza hata kumtaja baba wa shujaa. Utendi wa nanga unakwenda na usiku, na rubisi ikizunguka unakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo hata kama kampuni ile ingefunga safari mpaka Bukoba, ingerudi na kipande cha ngozi na kusema imempata ng'ombe.

Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu, na nimeishikilia mpaka leo. Kila chombo kinaukata wimbo mahali fulani. Kalamu inakata sauti, santuri inakata muda. Kabla hujanunua kipya, uliza: hiki nilichonacho kinaukata wapi wimbo wangu? Kama kinakata mahali ambapo wimbo wako haupo, huna sababu ya kuhama. Kama kinakata shingo, hama hata kwa kukopa.

*

Utepe wa sumaku ulikuja kuondoa kisu kile. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na aliyetumia maisha yake kuzunguka bara hili na mitambo ya kurekodia, alipita Tanganyika na kurekodi makabila mengi, Wahaya wakiwemo. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mkusanyiko wake mkubwa una santuri zaidi ya 200.

Nimesikiliza baadhi ya kazi hizo kwenye simu, nimekaa kwenye kibaraza cha mama. Ni safi mno. Unasikia hata ukucha ukigusa uzi. Lakini nyingi ni za dakika chache tu. Utepe ulikuwa umeshaondoa ukomo wa zamani, ila mwenye utepe alikuwa bado anafikiri kwa urefu wa santuri, kwa sababu huko ndiko kazi yake ilikokuwa inakwenda. Mpwa wangu aliponiuliza "kwa hiyo?", nikamwambia: unaweza ukanunua chombo kipya ukaendelea na mazoea ya chombo cha zamani. Hela imekwenda, wimbo umekatwa palepale.

Aliyeuachia utendi ukae kwa urefu wake ni msomi wetu wenyewe, Mugyabuso Mulokozi, huyo huyo mnayemfahamu kwa riwaya na tamthilia. Alikwenda kwa wapiga nanga, akawarekodi, akanakili neno kwa neno, na mwaka 1986 akawasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu yake ya uzamivu kuhusu tendi za nanga za Wahaya. Wakati ule kulikuwa na mjadala mrefu, baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakidai Afrika haina utendi halisi. Kazi ya Mulokozi ilikuwa mojawapo ya majibu, na jibu lile lisingewezekana kwa vipande vya dakika tatu. Kumbuka kwamba kilichohitajika hapo hakikuwa usafi wa sauti. Mdahalo ule haukuamuliwa kwa kuuliza kama nyuzi zinasikika vizuri. Uliamuliwa kwa urefu, kwa muundo, kwa mistari mia kadhaa inayoshikamana kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinasa sauti cha kawaida, betri za kutosha na subira vilitosha.

*

Nikiwa nimefika hapo, mpwa wangu akanikatisha. "Mjomba, hao walikuwa watafiti. Mimi nataka watu wacheze. Nataka ipigwe redioni." Ana haki. Basi tuje kwenye muziki wa kuuza.

Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na waliotaka santuri wengi walipeleka kazi Nairobi. Kujirekodi nyumbani ilikuwa ndoto. Huko nje dunia ilikuwa imeanza kubadilika. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ilitoa Portastudio, kimashine kilichorekodi traki nne kwenye kaseti ya kawaida kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 1982 Bruce Springsteen, wakati huo tayari ni nyota mkubwa Marekani, alikaa chumbani kwake New Jersey na kimashine hicho, akarekodi nyimbo za kuwaonyesha wenzake tu. Halafu akaingia studio kubwa na bendi yake kuzirekodi "ipasavyo". Hazikufaa. Zilikuwa na kila kitu isipokuwa ule upweke wa chumbani. Mwishowe akarudi kwenye kaseti, ile aliyokuwa akitembea nayo mfukoni haina hata kasha, na hiyo ndiyo ikawa albamu ya Nebraska.

Wanaopinga kununua vitu vipya wanaipenda sana hadithi hiyo. Mimi nina tahadhari nayo. Springsteen alikuwa na uwezo wa kujaribu vyote viwili kisha achague. Kijana wa Mabira hana studio kubwa ya kujaribia. Na kaseti ile iliwatesa mafundi kuigeuza kuwa santuri inayosikika vizuri. Uduni una gharama zake, tusidanganyane.

Mfano ulio karibu na sisi ni Saida Karoli, mwana-Kagera mwenzetu. Mwaka 2001 wimbo wake wa Maria Salome, ambao wengi wanaujua kwa jina la Chambua Kama Karanga, ulisambaa nchi nzima, na watu wasiojua hata neno moja la Kihaya wakawa wanauimba kwenye daladala. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua, wakautengeneza upya kwa mitambo ya kisasa, ukaitwa Salome. Nilizicheza zote mbili, moja baada ya nyingine, mbele ya mama. Ule wa 2016 ulimfanya atikise mabega akiwa amekaa. Ule wa 2001 ulimfanya aimbe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Huu wa kwanza umeniachia nafasi." Sijui kama kuna mtu amewahi kuandika uhakiki wa muziki kwa ufupi kuliko huo.

*

Sasa kompyuta. Nitataja majina, maana mpwa wangu alitaka majina.

Programu anayoitumia ni Audacity, iliyoanza mwaka 1999 pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kwa mikono ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatolewa kwa umma Mei 2000. Ni ya bure, na ni ya halali. Inarekodi, inakata, inaunganisha, inapunguza kelele. Vijana wengi wanaidharau kwa sababu haina midundo iliyopikwa tayari.

Wanayoitamani ni FL Studio. Ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na jina likabadilishwa mwaka 2003. Hii ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya midundo ya mtaani Afrika. Singeli ya Dar es Salaam imepikwa kwenye vikompyuta ambavyo mtu wa ofisini angeona aibu kuvifungua hadharani, na bado mwaka 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio moja ya Mburahati, ulitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ukasikilizwa mpaka Ulaya. Mwaka huo huo lebo hiyo ikatoa Gulu City Anthems ya Otim Alpha. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, kukodi kundi zima la ngoma za larakaraka kwa ajili ya arusi ni gharama, basi watu wakaanza kuzitengeneza ngoma zile kwa kompyuta. Hawakuhama kwa fahari. Arusi ilikuwa Jumamosi na hela ya kundi haikuwepo. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuhama kuliko zote ninazozijua.

Lakini programu hiyo nayo ina kisu chake. Ukiifungua inakupa visanduku kumi na sita, vinne vinne, na mkono wako unaanza kuvijaza kabla sikio halijasema kitu. Ngoma yetu inabembea kwa tatu tatu. Unaweza kuibadilisha idadi ya visanduku, kazi ya dakika moja, ila wengi hawabadilishi. Nimesikia nyimbo za arusi za kwetu zilizonyooshwa kama shati la Jumapili, wanawake wanaitikia pale walipofundishwa na mashine. Halafu kuna suala la kuchakachua. Tuseme ukweli, nakala nyingi za programu hiyo zinazozunguka mitaani zimeibwa, na toleo la majaribio la halali lina sharti lake: linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini halikubali kuifungua tena mpaka ulipie. Na kwa miaka mingi toleo lake la bei ya chini kabisa halikurekodi sauti ya mtu hata kidogo. Kijana anayetaka kumrekodi bibi yake angenunua kitu kisichoweza kumrekodi bibi.

Ya tatu ni Reaper, ya Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp tuliyochezea nyimbo za mp3 kwenye mikahawa ya intaneti. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60. Haina midundo ya kuvutia wala picha za kuwakawaka. Ni kama jembe, unapewa na unaambiwa shamba lile pale.

*

Kabla hajaninunia kwa kumcheleweshea jibu, nilimsimulia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu kwenye familia.

Mwaka 2015 mdogo wangu wa mwisho aliolewa. Usiku wa kuamkia arusi mama na wanawake wa jirani walimwimbia nyimbo za kumuaga. Ni nyimbo za kulia na kufundisha kwa wakati mmoja: utakapofika usiwe na mdomo, usisahau njia ya kurudi. Mama alikuwa anaongoza. Nilikuwa na kompyuta na kipaza sauti cha bei ndogo, nikarekodi karibu saa nzima. Kwa wakati ule Audacity ilihifadhi kazi kwa sehemu mbili, faili dogo lenye ramani na folda kubwa lenye sauti yenyewe. Mimi sikulijua hilo, wala sikujisumbua kusoma. Nilihamisha lile faili dogo kwenye fleshi, nikaona jina lipo, nikaridhika. Baada ya miezi kadhaa nikaifuta kompyuta na kuiuza ili ninunue nyingine nzuri zaidi.

Nikapanda daraja, kwa maneno mengine. Siku nilipolifungua lile faili, ramani ilikuwepo, nchi haikuwepo.

Tangu mwaka 2021 programu hiyo inahifadhi kila kitu kwenye faili moja, kwa hiyo kosa langu lile mtu wa leo hawezi kulifanya kirahisi. Lakini mimi nililifanya. Na sauti ile ya mama ya 2015, yenye meno yote, haipo popote duniani. Mdogo wangu aliwahi kuniuliza mara mbili. Mara zote nilimwambia naitafuta.

Mpwa wangu alinyamaza kwenye simu muda mrefu, mpaka nikadhani vocha imeisha. Kisha akasema, "Kesho asubuhi namrekodi."

*

Akamrekodi. Kwa kipaza sauti cha ufagio, programu ya bure, na mablanketi mawili yaliyotundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Nilimpa masharti mawili tu. Kwanza, nakala ghafi ya WAV iwekwe sehemu mbili kabla hajagusa chochote. Pili, asimkate bibi akinyamaza.

Wiki iliyofuata akamchezea kazi iliyokamilika. Alikuwa ameongeza mwangwi mkubwa, ule wa kanisani. Mama akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza, "Mbona nimetumbukia kisimani?"

Akataka kumtoa kisimani. Haikuwezekana. Toleo alilokuwa nalo, la zamani kama kompyuta yenyewe, lilipaka mwangwi moja kwa moja juu ya sauti. Ukishahifadhi na kufunga, njia ya kurudi imefungwa. Ikabidi aanze upya kutoka kwenye ile nakala ghafi. Mara ya kwanza. Mara ya pili bibi akasema sasa amekuwa mkavu kama muhogo. Mara ya tatu mpwa wangu akanipigia, na safari hii hakuniuliza "ninunue lini". Aliniambia, "Mjomba, nimeshajua inanikata wapi. Nataka kitu kinachoniruhusu kubadilisha mawazo."

Angalia tofauti ya maswali hayo mawili. La kwanza lilikuwa swali la mtu anayeona aibu na alichonacho. La pili lilikuwa la fundi. Alikuwa amerudia kazi ile ile mara tatu kwa sababu moja ile ile, na angeweza kuitaja sababu hiyo kwa sentensi moja. Mtu akifika hapo, wakati wake umefika. Ambaye hajaweza kuitaja, asinunue. Aendelee kurekodi mpaka aijue.

Kilichochekesha ni kwamba dawa haikugharimu hata senti. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022, Audacity hiyo hiyo inaweza kuweka mwangwi unaousikia papo hapo na kuuondoa siku yoyote. Alichohitaji ni vocha ya intaneti na usiku mmoja wa kushusha faili. Hela ya kahawa ikaenda kwenye diski ya nje ya kuhifadhia, stendi ya kweli ya kipaza sauti, na kiti kisicholia. Kile cha zamani kinasikika kwenye rekodi yote ya kwanza, kila bibi anapoegemea upande.

Miezi ikapita. Kwaya ya kigango ikamjia, sauti nane, kila moja inataka kurekebishwa peke yake, na mwalimu wa kwaya anabadilisha mpangilio kila Jumapili. Kufanya hivyo kwenye programu yake ilikuwa kama kupika ubwabwa wa arusi kwenye sufuria ya chai: unawezekana, lakini wageni watalala njaa. Akaijaribu Reaper siku zake 60, akaona kompyuta yake inaibeba bila kukoroma, akailipia. Sikushauri kitu. Nilipata taarifa tu, kama mzee anavyopata taarifa ya mahari iliyokwisha kulipwa.

Ile kazi ya bibi ameiacha ilivyo. Nilimwuliza kama ataihamishia kwenye programu mpya aipambe. Akasema hapana, pale haijakatwa. Mdogo wangu nimemtumia nakala, na pamoja nayo nikamwandikia ukweli kuhusu ile ya 2015. Alichukua siku mbili kujibu. Kisha akatuma sauti ya sekunde chache, yeye mwenyewe akiimba kipande cha usiku ule alichokuwa bado anakikumbuka, na chini yake maneno: mpelekee mama, muulize kama nimekosea.

Mpwa wangu akampelekea. Jana usiku ameniandikia: "Shikamoo mjomba. Bibi anasema mama mdogo hajakosea, ila kuna ubeti umebaki, na hawezi kuuimba kwenye simu. Anauliza unakuja lini."